Mkorofi wa Tangini: Weka Wavu Chini, Shika Uzi

Leo tarakilishi zipumzike kidogo tuzungumzie samaki. Usikimbie lakini! Mada hii itamfaa yeyote aliyewahi kusaka hitilafu ya programu hadi usiku wa manane. Na hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo maishani mwako, hutaondoka mikono mitupu.

Swali ni hili. Una tangi la maji ya chumvi nyumbani. Ndani yake mna samaki mmoja mkorofi: anawauma wenzake, anawanyima chakula, anawasukuma hadi pembeni wakatetemeka huko. Umeshaamua lazima atoke. Utamtoaje?

Wengi hujibu: kwa wavu. Mtu ananunua kiwavu cha mkono, anakunja mikono ya shati, mbio zinaanza. Mimi nasema hilo ndilo jibu baya kuliko yote. Na jibu la pili linalopendwa, la kutoa mawe yote na kumwaga maji, ni ndugu yake wa tumbo moja. Jibu lenyewe ni mtego, subira, na mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama. Nitaeleza sababu zangu, kisha ukitaka unibishie.

JUA UNAPAMBANA NA NINI

Tangi la maji ya chumvi si beseni lenye samaki. Humo mna mawe hai, yaani mawe yenye matundu kila mahali yanayokaliwa na bakteria. Bakteria hao ndio wanaoigeuza amonia inayotolewa na samaki kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Amonia huua samaki upesi, nitriti nayo si salama, nitrati ina nafuu. Juu ya mawe hayo watu hubandika matumbawe, na chini kuna mchanga ambao nao una wakazi wake.

Sasa jiweke katika nafasi ya samaki wa urefu wa sentimita 10. Kwako wewe mwenye tangi, hayo ni mawe. Kwake yeye ni jumba la ghorofa lenye vyumba tele, na anajua kila mlango wa mbele na wa nyuma. Wewe unaingia na mkono mmoja na kipande cha wavu, tena unamwona kupitia maji yanayopinda mwanga. Nani ana nafasi kubwa ya kushinda hapo?

Wengine wana silaha za ziada. Kikande akiona hatari hujiingiza kwenye tundu la jiwe, akasimamisha mwiba wa mgongoni na kuukaza kama komeo. Ukimvuta kwa nguvu utamjeruhi. Kangaja ana wembe kwenye shina la mkia. Wavu unanasa hapo, na kidole chako pia kikikaribia. Samaki wengine hujifukia mchangani, ukabaki unasaka kivuli.

Na wakati unamfukuza huyo mmoja, wale usiowataka wanakimbia vilevile. Mchanga unatifuka, tumbawe linavunjika, jiwe linateleza na kugonga kioo. Baada ya nusu saa kila samaki ndani ya tangi anahema, ila yule mkorofi yuko kwenye ghorofa ya tatu anakuchungulia.

SAMAKI ANAKUMBUKA

Kuna msemo kwamba kumbukumbu ya samaki ni ya sekunde tatu. Huo ni uzushi. Mwaka 2001 mtafiti Culum Brown, aliyefanya kazi na samaki wadogo wa mito ya Australia, alichapisha matokeo ya jaribio zuri sana. Samaki walifukuzwa ndani ya tangi kwa wavu uliokuwa na tundu moja la kutorokea. Baada ya kufukuzwa mara chache walijua tundu lilipo na wakalipita upesi. Miezi 11 baadaye aliwarudishia wavu ule ule, na walikuwa bado wanakumbuka.

Soma tena hapo. Miezi 11! Tena kuhusu wavu!

Maana yake ni kwamba kila jaribio unaloshindwa si sifuri. Ni hasi. Kila ukiuingiza wavu ukautoa mtupu, umempa samaki somo la bure. Ni sawa na kumwonyesha mdukuzi jinsi ukuta wa seva yako unavyofanya kazi kisha ukamwachia aende. Kesho ukiushika tu ule wavu, kabla hata haujagusa maji, mwenzako keshajificha.

NA WALE WA KUFOMATI JE?

Unamkumbuka yule fundi wa kompyuta wa mtaani ambaye kila tatizo dawa yake ilikuwa kufomati? Printa haichapishi: fomati. Kipanya hakisogei: fomati. Kweli tatizo liliisha mara nyingine, lakini liliondoka na picha za harusi yako.

Kumwaga maji ya tangi ndiko kufomati. Unayatoa maji kwenye ndoo, unatoa jiwe moja moja, hadi samaki anabaki kwenye kina cha sentimita chache hana pa kwenda. Itafanya kazi, sikatai. Lakini hesabu gharama. Tangi la lita 300 linahitaji ndoo 15 za lita 20. Mawe yakikaa nje yakakauka, viumbe na bakteria waliomo wanaanza kufa, na ukiyarudisha maiti hizo zinaoza na kuzalisha amonia. Mchanga uliokaa miaka miwili bila kuguswa ukivurugwa unatoa uchafu wote uliozikwa humo. Unaweza kumtoa samaki mmoja Jumamosi ukawapoteza watatu Jumatano.

Njia hii naiweka kabatini kwa siku ya dharura kweli kweli: tangi limepasuka, au unahama nyumba. Si kwa sababu ya samaki mmoja mwenye hasira.

MKASA WENYEWE

Nisiongee hewani. Shemeji yangu, mume wa dada, ana tangi la lita 300 sebuleni kwake hapa Mombasa. Alipolianzisha, duka moja lilimshauri atie samaki aina ya domino kama "samaki wa kuanzia". Domino kisayansi huitwa Dascyllus trimaculatus: mweusi tii, ana doa jeupe kwenye paji na jingine kila ubavu. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi Pasifiki. Akiwa mdogo anapendeza ajabu, ana ukubwa wa ukucha, na huishi karibu na anemoni pamoja na samaki klauni. Ni mgumu, hafi ovyo. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu walimtumia kuanzishia tangi jipya, yaani avumilie amonia hadi bakteria wazaliane, kazi inayochukua kama wiki nne hadi sita.

Watengenezaji programu wenzangu mmeshaona tatizo. Huyu alikuwa ni data ya majaribio iliyoingizwa kwenye mfumo halisi, na hakuna aliyepanga siku ya kuifuta. Domino hukua hadi kufikia sentimita 14, madoa yanafifia, na kadiri anavyokua ndivyo anavyolinda eneo lake kwa ukali. Wa shemeji alikuwa na miaka miwili humo wakati mpwa wangu alipoletewa klauni wawili. Wiki ya kwanza mmoja alikuwa na mapezi yaliyochanika, amejibanza kwenye kona karibu na pampu, hali. Klauni asiyekula siku kadhaa, aliye na majeraha, ni rahisi kushikwa na maradhi. Saa ilikuwa inakwenda.

Shemeji alinipigia simu. Lakini yeye hakumshuku domino. Alimshuku kangaja, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Hapa ndipo elimu ya kompyuta inapofaa. Kabla ya kurekebisha chochote, soma kumbukumbu za mfumo. Na kama mfumo hauna kumbukumbu, ziandike. Nilimwambia, "Shemeji, tusimguse mtu bado. Chukua daftari." Kwa siku tatu, asubuhi na jioni, dakika 20 kila mara, yeye au mpwa wangu alikaa mbali kidogo na kioo akaandika: nani alimfukuza nani, upande gani wa tangi, kabla au baada ya chakula.

Daftari halikuacha shaka. Kangaja alikuwa akipita karibu na klauni kwa kishindo, lakini hakuwagusa. Anayeuma alikuwa domino, na karibu kila shambulio lilitokea upande mmoja wa tangi, ndani ya nusu mita kutoka kwenye jiwe analolala. Tungefuata macho tungemtoa asiye na hatia, na klauni angeendelea kuumwa.

Usiruke hatua hii hata kama unajiona una uhakika. Mapezi yaliyochanika asubuhi huweza kuwa ni kazi ya kiumbe cha usiku kilichoingia ndani ya mawe, kama vile kaa. Samaki wote wa mchana wanasingiziwa na mwenye kosa amelala.

DAWA NDOGO KABLA YA DAWA KUBWA

Si kila mkorofi ni lazima atoke. Jaribu kwanza yafuatayo.

Moja, badilisha mpangilio wa mawe mawili matatu. Ukali wa samaki hawa ni wa eneo. Ramani ikibadilika, kila mtu anakuwa mgeni na ubabe unapungua, angalau kwa muda.

Mbili, ubandike kioo cha kujitazamia nje ya tangi. Mkorofi hupigana na sura yake mwenyewe wakati mgeni anatafuta pa kujibanza. Ni dawa ya siku chache tu. Usiiache hapo mwezi mzima, nayo inamchosha.

Tatu, mweke kizuizini. Sanduku la plastiki angavu lenye matundu linaning'inizwa ndani ya tangi hilohilo, mkorofi anakaa humo wiki moja au mbili, wengine wanagawana eneo. Akitoka, yeye ndiye mgeni.

Lakini kumbuka, ili umweke kizuizini lazima umkamate kwanza. Tumerudi palepale.

BABU ZETU WALISHALITATUA

Wapwani mnalijua lema, wengine huliita dema. Ni mtego wa kusuka wa vipande vya mianzi au fito, wenye mlango mpana kwa nje unaokwenda ukisinyaa kuelekea ndani. Samaki anafuata chambo, anaingia bila shida, halafu kutoka hakuoni. Mvuvi halikimbizi samaki. Analitega, anakwenda zake, anarudi.

Lema lina akili nyingine ninayoipenda. Mwaka 2013 kulichapishwa utafiti uliofanyika pwani ya Kenya ambapo malema yaliachiwa mianya myembamba pembeni. Wale wadogo na wembamba wakawa wanapita na kutoka, huku wakubwa wanaofaa sokoni wakibaki. Samaki wasiotakiwa walipungua, na ukubwa wa waliovuliwa ukaongezeka. Huo ni uchujaji, jamani! Kwa lugha yetu ya kompyuta: mtego mzuri unajua kukataa.

Toleo la nyumbani ni rahisi. Chukua chupa ya soda ya plastiki ya lita 2, isafishe kwa maji tu bila sabuni, ikate shingo, igeuze hiyo shingo iingie ndani kama faneli. Toboa matundu madogo maji yapite, tia jiwe dogo isielee, tia chambo, funga uzi wa kuivutia. Lema la shilingi sifuri. Kwa samaki wadogo linafaa sana. Kasoro yake ni kwamba halichagui. Yeyote mwenye njaa anaingia, na mara nyingi wa kwanza ni yule mwema.

Kwa hiyo kwa domino tulitumia sanduku la plastiki angavu lenye mlango mmoja unaoshuka kama shata ya duka. Fundi wa vioo alilikata na kuligundisha kwa gundi isiyo na sumu kwa samaki. Mlango umefungwa uzi wa nailoni, uzi unapita juu ya ukingo wa tangi hadi kwenye kiti kilicho mita mbili mbali. Ukiuachia uzi, mlango unaanguka kwa uzito wake.

KWA NINI SIKUANDIKA PROGRAMU

Shemeji aliniuliza, "Sasa wewe si mtu wa kompyuta? Si utengeneze mashine imtambue yenyewe?"

Swali halali. Raspberry Pi moja, kamera, mota ndogo ya kuachia mlango, na programu ya kutambua picha. Domino ni mweusi mwenye madoa meupe, kumtofautisha na klauni wa rangi ya chungwa si kazi ngumu. Ningeweza kuifanya wikendi moja, na ingenipa habari tamu ya kuwaandikia hapa.

Nilikataa kwa sababu ya hesabu ya makosa. Makosa ni ya aina mbili. Mashine ikikosa kumkamata alipoingia, hasara ni ndogo: atarudi kesho. Lakini mlango ukianguka kabla hajaingia vizuri, au ukamwangukia mwenzake huku yeye akishuhudia, tumerudi kwenye lile somo la miezi 11. Kosa la pili ni ghali mno kuliko la kwanza. Katika hali hiyo unataka mwamuzi anayeweza kusema "bado" mara hamsini bila kuchoka, na anayejua kwamba kangaja yuko nusu mwili mlangoni. Mwamuzi huyo ni binadamu aliyeketi na kikombe cha chai. Tena uzi haujali stima ikipotea, wala haupigwi kutu na chumvi.

Vijana wenzangu tunaotoka chuoni na shahada tunapenda kuigeuza kila kazi kuwa mradi. Kazi inayofanywa mara moja tu, na ambayo kosa lake haliwezi kufutwa, ifanye kwa mkono. Kitu kinachofaa kuachiwa mashine ni kile unachokirudia kila siku, kama kupima joto la maji na kukutumia ujumbe likipanda. Huko nitawaunga mkono hata kesho.

HATUA ZENYEWE

Siku ya kwanza na ya pili, sanduku linaingia majini karibu na eneo la mkorofi, mlango ukiwa umefungwa juu. Hakuna chambo. Wote wanaliogopa. Acha waliogope, litazoeleka.

Siku ya tatu, chakula kinawekwa ndani ya sanduku tu. Kipande kidogo cha kamba wa baharini au chaza hutoa harufu inayowavuta. Wenzake wanyonge wapewe kidogo sana upande wa pili wa tangi wasikonde. Samaki mzima mwenye afya huvumilia siku moja au mbili bila kula, na njaa inampa ujasiri.

Siku zinazofuata, mwache aingie na kutoka. Narudia, mwache! Mara ya kwanza akiingia utatamani kuachia uzi, moyo unadunda. Usiachie. Anaingia kwa wasiwasi, mkia uko nje, yuko tayari kuruka. Subiri hadi aingie kama anaingia kwake, ageuke, ale bila kuangalia nyuma.

Sisi tulimpata siku ya saba. Mara mbili kabla ya hapo alikuwa ndani pamoja na kangaja, na mpwa wangu aliyeshika uzi hakuuachia. Ana miaka tisa. Nawajua wahandisi wa kulipwa ambao wangeuachia.

Baada ya mlango kuanguka, usimtoe kwa wavu. Sanduku zima linawekwa kwenye ndoo iliyojazwa maji ya tangi hilohilo, ili joto na chumvi visibadilike ghafla. Maji ya chumvi ya tangi kwa kawaida huwa na ujazo wa chumvi wa sehemu 35 kwa elfu, na joto la nyuzi 25 au 26. Funika ndoo, maana samaki aliyeshtuka huruka. Kama safari ni ndefu, weka pampu ndogo ya hewa.

Sanduku likishindikana kabisa kuna njia ya usiku. Samaki wa mchana kama domino hulala kwenye tundu moja kila siku. Saa mbili baada ya kuzima taa, kwa tochi yenye mwanga mwekundu, unaweza kumkuta. Kama tundu lake liko kwenye jiwe linaloweza kuinuliwa peke yake, liinue jiwe lote ulitumbukize ndooni na yeye ndani yake. Ndoana ndogo iliyosawazishwa ile ncha yake ya kurudi nyuma nayo hufanya kazi kwa wale walafi, ila inajeruhi, naiweka karibu na mwisho. Na mafuta ya karafuu, ambayo kweli huwalewesha samaki, usithubutu kuyamimina tangini ukidhani utampata amelala. Utawalewesha wote.

USIMRUDISHE BAHARINI

Hapa najua nitapigwa mawe. Shemeji anaishi dakika chache kutoka ufukweni. Domino ni mwenyeji wa bahari yetu. Kwa nini asimchukue na ndoo yake akamwachie huru, kila mtu akafurahi?

Hoja ina uzito, na kama domino huyo angekuwa amevuliwa jana hapo hapo nisingebishana sana. Lakini amekaa miaka miwili kwenye maji yaliyopitiwa na samaki na matumbawe kutoka bahari nyingine. Mwenye tangi hajui ni vimelea gani wamekuja nao, na kwa macho huwezi kuvijua. Samaki anaweza kuonekana mzima na bado akawa amebeba ugonjwa. Unamwachia mmoja, unaachia na abiria wake.

Na wale wasio wenyeji mambo ni mabaya zaidi. Samaki simba wa jenasi ya Pterois, yule wa mistari na miiba yenye sumu, ni wa kwetu, Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 alionekana pwani ya Florida huko Marekani, na inaaminika chanzo ni watu waliowaachia kutoka matangini. Baada ya mwaka 2000 alisambaa Karibi yote akiwatafuna samaki wadogo wa miamba ambao hawakujua kumwogopa, na leo amefika hadi Brazili. Mwani wa Caulerpa taxifolia nao ulionekana baharini mwaka 1984 huko Monaco, chini ya jumba la makumbusho ya bahari lililokuwa na matangi yake, kisha ukaenea Mediterania. Hakuna kitufe cha kutendua baharini.

Kwa hiyo apelekwe wapi? Kwa mwenye tangi kubwa la samaki wakali, au arudishwe kwa muuzaji anayekubali, au apewe tangi lake. Huyu wa kwetu alichukuliwa na jamaa mwenye tangi la vikande, na huko yeye ndiye mnyonge wa mwisho. Klauni wetu alianza kula siku ya pili.

Baada ya hapo msilitupe daftari. Endeleeni kuandika kwa wiki moja zaidi, kwani mbabe akiondoka, naibu wake huweza kupanda cheo.

LAWAMA NI YA NANI?

Si ya samaki. Domino alifanya yale ambayo domino hufanya kwenye mwamba, ila kwenye mwamba anayefukuzwa ana bahari nzima ya kukimbilia. Tangini ana mita moja na nusu. Lawama ni ya desturi ya kumtumia kiumbe hai kama kifaa cha majaribio bila kupanga mwisho wake. Leo tangi linaweza kuanzishwa bila samaki hata mmoja, kwa kutia amonia ya chupa kidogo kidogo na kupima hadi bakteria waizoee. Na mkali, ukimtaka, mtie wa mwisho, wapole wakiwa wameshapata makao.

Kenya ni miongoni mwa nchi zinazovua samaki wa mapambo na kuwauza ng'ambo. Wapiga mbizi wetu ndio wanaowatoa mwambani hao domino na klauni wanaoishia kwenye sebule za watu Ulaya na Marekani. Naona ni haki muuzaji yeyote, awe hapa au huko, amwambie mnunuzi mambo mawili kabla ya kupokea pesa: atakuwa mkubwa kiasi gani, na atakuwa na tabia gani akikua. Sentensi mbili tu. Programu yoyote unayoisakinisha hukuonyesha inahitaji nafasi kiasi gani kabla ya kubofya "endelea". Samaki naye anastahili hilo.

Haya, nimesema yangu. Wa timu ya wavu, najua mpo, leteni hoja. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye tarakilishi: nitaeleza jinsi ya kutengeneza kipimajoto cha tangi kinachokutumia ujumbe kwenye rununu. Hicho, naam, nitakiandikia programu.

Alamsiki.